Kabla hujaweka dau: saa za usahihi mkubwa na mnunuzi wa Tanga

Kifaa cha kupimia muda kinachouzwa kwenye minada ya mtandaoni kama eBay kina mahali kilipochakaa, na kazi ya mnunuzi ni kupajua mahali hapo kabla ya kuweka dau. Picha za tangazo hazitamwonyesha. Boksi litang'aa, muuzaji ataandika kwamba limetolewa kwenye mtambo uliokuwa ukifanya kazi, na bado taa iliyomo ndani ikawa imebakiza siku za kuhesabika. Nawaandikia wenzangu wa Tanga kwa sababu kwetu kosa la namna hii lina gharama zaidi. Mnunuzi aliyeko Marekani akiletewa kibovu anakirudisha kwa posta ya ndani na mambo yamekwisha. Kwetu nauli ya kurudisha peke yake inaweza kuizidi bei ya kifaa.

La kwanza la kuamua ni utaanza na kipi. Ukiona saa ya atomu, yaani inayopima muda kwa mitetemo ya atomu, inauzwa kwa bei ya simu ya kawaida, mkono unawasha. Mimi nashauri uanze na kitu cha kulinganishia, maana saa ya atomu isiyo na cha kupimwa nacho haitakuambia kama ni nzima au imepotoka. Cha kuanzia ni kipokezi cha GPS cha kazi ya muda, kile chenye kristali ya kwatsi iliyofungwa kwenye kijumba cha joto lisilobadilika na kusahihishwa na setilaiti muda wote. Kinakupa mpigo mmoja kila sekunde na masafa ya megahezi 10. Trimble Thunderbolt ni maarufu sana kwa wapenzi wa mambo haya, na mingi iliyoko sokoni ilitoka kwenye mitambo ya mawasiliano iliyostaafishwa. Ujue mapema kwamba inataka umeme wa aina tatu kwa pamoja: volti 12, volti 12 hasi na volti 5. Ujue pia kwamba tangu Julai 2017 hesabu yake ya wiki imerudi nyuma wiki 1024, kwa hiyo inaonyesha tarehe ya karibu miaka ishirini iliyopita. Mpigo na masafa vimebaki sahihi, na programu ya Lady Heather hurekebisha tarehe kwenye kompyuta. Muuzaji akishusha bei kwa sababu ya tarehe hiyo, nunua.

Kabla kipokezi hakijafika, panda juu ya paa utazame mbingu. Tuko nyuzi 5 kusini mwa ikweta, hivyo setilaiti za GPS hupita karibu na utosi wetu, neema ambayo watu wa Ulaya ya kaskazini hawana. Ila tunalipia: eneo la ikweta lina misukosuko ya anga la juu baada ya jua kuzama, na ishara inaweza kuyumba kuanzia magharibi hadi usiku wa manane. Ukiona mpigo unacheza saa mbili usiku na kutulia alfajiri, usikimbilie kumlaumu muuzaji. Antena iwe mbali na makuti ya mnazi, maana jani lenye maji huizuia ishara, na waya wake upite kwenye kizuizi cha radi kilichounganishwa na ardhi kabla haujaingia ndani. Hilo la radi halina mjadala msimu wa masika.

Sasa saa za atomu za rubidiamu, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndiko pesa nyingi zinakopotea. Vifaa kama Efratom LPRO-101 na FE-5680A vilitumika zaidi kwenye mitambo ya simu. Ndani yake mna taa ndogo yenye mvuke wa rubidiamu, na mwanga wake hupita kwenye chupa nyingine ya mvuke huohuo. Kifaa huifuata mitetemo ya atomu, ambayo ni 6,834,682,610 kwa sekunde, na kuishikisha kristali yake hapo. Taa hiyo ndiyo inayochoka. Uzuri wa LPRO-101 ni kwamba ina waya maalumu wa kupimia nguvu ya taa: ukiweka mita yako pale, mwongozo unataka usome kati ya volti 3 na 14. Mwandikie muuzaji hivi: tafadhali kiwashe nusu saa, upige picha ya mita ikiwa kwenye waya wa taa, na picha nyingine ya waya wa hali, ule unaoonyesha kama kristali imeshaishika mitetemo ya atomu, baada ya kifaa kushika. Kwenye LPRO waya huo hushuka karibu na sifuri kifaa kikishashika. Muuzaji mwenye kitu kizima atapiga picha. Akijibu kwamba hana vifaa vya kupimia huku ana matangazo mamia ya vifaa vya maabara, achana naye. Aliyeandika "hakijajaribiwa" na dukani kwake kila kitu kimejaribiwa ameshakujibu.

Andaa na mahali pa kukiweka. LPRO inataka volti 24 hivi, na ikiwa ya baridi inavuta karibu ampea mbili kabla haijatulia, hivyo chaja ya kompyuta mpakato ya kuokoteza haitoshi. Chini yake lazima kuwe na bamba nene la alumini. Nyumba ya Chumbageni yenye bati na isiyo na dari mwezi wa Februari si mahali pa kuweka kifaa ambacho chenyewe kinajichemsha; tafuta chumba cha kivuli chenye joto lisilopanda na kushuka ghafla.

Saa za atomu za siziamu, kwa maoni yangu, tuziache. Ni kweli sekunde yenyewe inapimwa kwa atomu ya siziamu tangu 1967, mitetemo 9,192,631,770, na boksi la saa ya HP 5061A ni zuri kulitazama. Lakini bomba lake lenye siziamu lina umri, lililokaa miaka bila umeme linaweza kuwa limepoteza ombwe, na bomba jipya ni bei ya gari. Tena siziamu ni mzigo wa hatari kwa ndege. Haina mionzi, watu hulichanganya hilo, ila ikikutana na hewa au maji huwaka.

Kuna wenzetu ambao hawataki kusikia habari za volti. Wao wanapenda kronomita za meli, zile saa za springi za kujulia meli iko wapi baharini, na mji wa bandari kama wetu una haki ya kuzipenda. Kwenye maji yetu, kosa la sekunde nne ni karibu maili nzima ya baharini kwa upande wa mashariki au magharibi, na ndiyo maana vyombo hivi vilitengenezwa kwa uangalifu ule. Hamilton Model 21, iliyotengenezwa Marekani wakati wa Vita Kuu ya Pili, hupatikana mnadani mara kwa mara, na ni imara. Gurudumu lake la mizani hupokea msukumo mara moja kwa kila kwenda na kurudi, na kinachouachia msukumo huo ni springi nyembamba mno. Mtikisiko wa safari ukiikuta saa ina ufunguo na mizani iko huru, springi hiyo inaweza kuvunjika, na sijui ni fundi gani wa Ngamiani utampelekea. Kwa hiyo kabla ya kulipa, pata jibu la maandishi la muuzaji kwamba saa itaachwa imalize ufunguo, mizani itazuiwa kwa vipande vya kizibo cha chupa, na bakuli la saa litatolewa kwenye pete zake na kufungwa peke yake. Asiyeelewa unachomwambia asikufungie mzigo. Ikifika, ukishatoa vizibo na kuitia ufunguo, haitaanza yenyewe. Ishike bakuli, izungushe kwa wepesi robo duara mara moja, utasikia milio miwili kila sekunde.

Saa na vifaa vyenye namba zilizokuwa ziking'aa gizani vinahitaji tahadhari yake. Rangi ya redio za zamani na saa za kijeshi mara nyingi ni radiamu. Rangi kuacha kung'aa hakumaanishi mionzi imekwisha. Radiamu huchukua miaka 1600 kupungua nusu. Usifungue kioo, usikwangue, na kabla ya kuagiza uliza Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania, kwa sababu vitu vyenye mionzi viko chini yake.

Umeme wetu ni volti 230 na hezi 50. Kaunta nyingi za masafa, yaani vifaa vya kuhesabia mitetemo, zina swichi au kadi ya volti nyuma. Omba picha ya nyuma, na ukibadilisha volti badilisha na fyuzi. Saa ya ukutani ya Marekani inayofuata hezi 60 hata ukiipa transfoma itapoteza dakika 10 kila saa, na hilo halina dawa rahisi.

Kuhusu siku ya mnada wenyewe: wauzaji wengi hupanga mwisho uwe Jumapili jioni kwa saa za California. Saa kumi na mbili jioni kwao ni saa kumi alfajiri ya Jumatatu kwetu, na kuanzia Novemba hadi Machi ni saa kumi na moja. Andika kiwango chako cha juu mchana, ukiwa na akili tulivu, ukijumlisha nauli ya hadi Dar es Salaam, ushuru, VAT ya asilimia 18, na basi la kuja Tanga. Kisha weka kiasi hicho mara moja kwenye sekunde za mwisho. Kupandisha shilingi kidogo kidogo tangu Ijumaa kunawaamsha wengine tu.

Ukipitishia mzigo kwa wakala wa Marekani ili aujumlishe na mingine, kumbuka kwamba ulinzi wa mnunuzi kwenye eBay huishia mzigo unapopokelewa kwenye anuani yake. Mlipe wakala afungue boksi palepale na kupiga picha za pande zote kabla halijasafirishwa tena. Mwambie mwenye basi kitu hicho ni cha kupakatwa, ulipie kiti ikibidi. Na kikifika nyumbani, kikiwa kimetoka kwenye baridi la ndege na kuingia unyevu wetu wa pwani, kikae usiku mzima bila kuwashwa, fyuzi na volti vikaguliwe asubuhi, ndipo uchomeke.