Somo: Namna ya Kununua Suzuki Swift Sport Iliyotumika kwa Ajili ya Raha ya Kuendesha

Somo hili linamhusu mtu anayetafuta gari dogo la bei nafuu ambalo atalipenda kwa jinsi linavyoendeshwa. Nimechagua hachibaki moja (gari dogo lenye mlango wa nyuma unaofunguka juu pamoja na kioo), Suzuki Swift Sport yenye msimbo ZC31S, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 2005, kwa sababu naamini hakuna gari jingine dogo linalompa mwendeshaji wa Tanzania raha kubwa kiasi hicho kwa fedha za kawaida. Anayetaka Toyota Vitz RS au Honda Fit RS anaweza kufuata hatua hizi hizi, kwani magari haya huzeeka kwa namna zinazofanana.

Hatua ya kwanza ni kuelewa kinachouzwa. ZC31S ina injini ya M16A yenye ujazo wa cc 1,586, inayotoa nguvu za farasi 125 ikifika mizunguko 6,800 kwa dakika, na gari lenyewe lina uzito wa takriban kilo 1,060. Nguvu hizo si nyingi, na zinapatikana mizunguko ikiwa juu, hivyo dereva hana budi kuipandisha injini na kuchagua gia kwa makini. Uhondo uko hapo hapo, kwa maana gari jepesi linaingia kona bila kusita, linasimama upesi kwa breki zake za diski katika magurudumu yote manne, na linakupa kazi ya kufanya hata ukiwa katika mwendo halali. Chagua gia tano za mkono. Ipo pia ya otomatiki ya gia nne, nayo inafaa kwa foleni za Dar es Salaam, lakini inaondoa sehemu kubwa ya sababu ya kulitafuta gari hili.

Hatua ya pili ni kugawa fedha. Gawa ulichonacho mafungu matatu, mawili ya kununulia na moja la kulirudisha gari katika afya yake: tairi nne za ukubwa wa 195/50 R16, shokapu, bushi (mipira ya viungo vya chini ya gari), pedi za breki, oili zote na plagi. Mnunuzi anayemaliza fedha zote siku ya kununua huishia kuendesha gari lililochoka, kisha analilaumu gari. Ukiagiza kutoka Japani, fungua kwanza kikokotoo cha magari yaliyotumika katika tovuti ya TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania), kwa kuwa umri wa gari huongeza ushuru wa bidhaa, na magari haya yote sasa yana umri mkubwa. Mara nyingi hesabu hiyo itakuelekeza kutafuta lililokwisha kusajiliwa nchini.

Hatua ya tatu ni kuthibitisha kwamba ni Sport ya kweli. Swift za kawaida za umbo lile lile, za cc 1,200, 1,300 na 1,500, zimejaa barabarani, na si vigumu kuzifunga bampa za Sport na rimu kubwa. Fungua boneti, soma namba ya chesisi kwenye ukuta unaotenganisha injini na chumba cha abiria. Lazima ianze na ZC31S, na ifanane herufi kwa herufi na ile ya kwenye kadi ya gari. Ikiwa ni namba tofauti, aga kwa adabu uondoke.

Hatua ya nne ni historia. Kwa gari linalotoka Japani, omba karatasi ya mnada, yaani ripoti ya ukaguzi ya mnada lilikouzwa huko, na uisome mwenyewe. Daraja la 4 au 3.5 linafaa kwa gari la umri huu, lakini herufi R katika nafasi ya daraja huonyesha gari lililopata ajali na kutengenezwa. Kwenye mchoro wa bodi, A ni mkwaruzo, U ni kibonyeo, W ni alama ya matengenezo ya bodi, na X ni sehemu inayopaswa kubadilishwa. Kwa gari lililo nchini, anza na namba ya usajili: gari la namba D (herufi tatu za mwisho zikianza na D) limekwisha kupita kwenye matuta na vumbi letu kwa miaka, na lile la namba E muda mfupi zaidi. Uliza limepita mikononi mwa watu wangapi, na nani hulihudumia. Mwenye gari aliyetunza risiti za oili ana thamani kuliko mwenye gari aliyelipaka rangi mpya wiki iliyopita.

Hatua ya tano ndiyo inayookoa fedha nyingi kuliko zote, nayo ni kulikagua gari likiwa baridi. Mwombe muuzaji asiliwashe kabla hujafika, na uweke kiganja juu ya boneti kabla ya salamu kuwa ndefu. Gari lililopashwa moto mapema huenda linaficha jambo. Vuta kijiti cha oili, kwa sababu M16A iliyochoka hunywa oili, na wengi huiendesha ikiwa imepungua bila kujua. Liwashe usikilize: injini hii hutumia cheni ya taimingi, na mlio wa kugongana unaoendelea baada ya sekunde chache za mwanzo una maana kwamba cheni au kikaza chake kimelegea. Fungua kifuniko cha rejeta, kabla injini haijapata moto kamwe si baadaye, uone kama mna kuleanti (kimiminika maalumu cha kupozea injini) au maji yenye rangi ya kutu. Uliza pia kama themostati, vali inayodhibiti joto la injini, bado ipo. Mafundi wengi wa mitaani huitoa wakidhani wanaisaidia injini kupoa, kumbe injini inayoshindwa kufikia joto lake hula mafuta mengi zaidi na kuchakaa mapema, na hilo ni baya zaidi kwa injini inayotakiwa kuzunguka juu.

Lala chini utazame. Shokapu yenye unyevu wa mafuta imekwisha. Tairi iliyolika upande wa ndani pekee inaonyesha bushi zilizokufa, magurudumu yasiyopangwa au chesisi iliyopinda, na tofauti ya matatu hayo ni kubwa mno kifedha, hivyo lipeleke kwenye mashine ya kupimia mpangilio wa magurudumu kabla ya kukubaliana bei.

Hatua ya sita ni kuliendesha, wewe mwenyewe, kwa nusu saa isiyopungua. Injini ikiwa bado haijapata moto, shuka kutoka gia ya tatu kwenda ya pili kwa mwendo wa wastani. Gia ikikwaruza, sinkronaiza (kifaa kinacholinganisha mizunguko ya gia zinapoingia) imechakaa. Likishapata moto, weka gia ya nne mwendo ukiwa mdogo, kanyaga mafuta yote. Mizunguko ikipanda na mwendo usipande, klachi inateleza. Tafuta mteremko, vilima vya Pugu vinatosha kwa wakazi wa Dar es Salaam, ushuke ukiwa umeachia mafuta, kisha kanyaga tena huku mwenzako aliye nyuma akitazama eksozi. Moshi wa bluu wakati huo ni oili iliyovutwa kupitia sili za valvu au ringi za pistoni, na ringi maana yake ni kufungua injini. Pita juu ya tuta polepole ukiwa umefungua vioo na umezima redio, kwa kuwa bushi husema zenyewe.

Hatua ya saba ni malipo. Angalia madeni ya faini kwa namba ya gari katika mfumo wa polisi wa usalama barabarani, sainini mkataba wa mauziano mbele ya wakili, na uhamishe umiliki TRA bila kuchelewa.

Maswali ya wasomaji

Swali: Ndugu mwandishi, kwa bei ya ZC31S naona Volkswagen Golf GTI ya kizazi cha tano yenye farasi 200. Kwa nini nisichukue hiyo?

Jibu: Ni gari bora na lina kasi zaidi, ila linataka mfuko wa pili. Injini yake ya 2.0 TFSI hukusanya masizi kwenye valvu za kuingizia hewa, kijisehemu kinachosukuma pampu ya mafuta ya shinikizo kubwa hulika na hupaswa kukaguliwa, na giaboksi yake ya otomatiki, DSG, inataka oili yake kila kilometa 60,000. Kama hakuna kumbukumbu ya mambo hayo, hesabu kwamba hayajafanyika.

Swali: Niko Nairobi. Naweza kuagiza ZC31S?

Jibu: Hapana, kwa sababu Kenya hairuhusu gari lililozidi miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Tafuta lililokwisha kuingia, au uongeze fedha uagize ZC33S isiyozidi umri huo, Swift Sport iliyoanza kuuzwa 2017 ikiwa na injini ya cc 1,400 ya tabo na uzito usiofika tani moja.

Swali: Kaka, nimepata moja iliyoshushwa chini, yenye eksozi kubwa na kichujio cha hewa cha wazi. Muuzaji anasema hivyo vinaongeza thamani.

Jibu: Kwangu vinapunguza. Springi fupi juu ya shokapu za kawaida humaliza shokapu hizo haraka kwenye matuta yetu, na kichujio cha wazi kisichotunzwa huruhusu vumbi liingie ndani ya injini. Muulize kama vifaa vya awali vipo na vinauzwa pamoja na gari. Kama havipo, toa gharama zake kwenye bei.

Swali: Spea zake zinapatikana?

Jibu: Milango, vioo na vipande vingi vya bodi ni sawa na vya Swift za kawaida, hivyo utavipata Gerezani, eneo la maduka ya vipuri Dar es Salaam. Bampa za Sport, viti vyake na vipuri vya injini ya M16A ndivyo vya kuuliza mapema. Piga simu maduka mawili au matatu kabla hujalipa, wala si baada ya kugongwa.