Utafiti wa kwanza wa picha za ubongo: anza kwa kupima usomaji wenu

Madaktari wengi wanaosomea ubingwa wa radiolojia hutaka utafiti wao wa kwanza uwe mkubwa: wagonjwa mamia, miaka kadhaa, kila aina ya ugonjwa wa ubongo. Ushauri wangu ni kuanza na jambo ambalo tafiti hizo zote hulitegemea, yaani kama watu wawili wakiangalia picha ileile wanaona kitu kilekile.

1. Liandike swali kwa sentensi moja. Mfano: "Madaktari wawili wakisoma picha za CT za wagonjwa wa kiharusi kisicho cha kuvuja damu, alama zao za ASPECTS zinalingana kiasi gani?" ASPECTS, kipimo cha kukadiria ukubwa wa athari ya kiharusi kwenye CT, kilichapishwa mwaka 2000 na watafiti wa Calgary, Kanada. Eneo linalolishwa na ateri ya kati ya ubongo hugawanywa sehemu 10. Unaanza na alama 10, kisha unatoa 1 kwa kila sehemu yenye dalili za mapema za kukosa damu.

2. Omba kibali kabla ya kufungua picha hata moja. Tanzania kuna kamati za maadili za taasisi na ile ya taifa iliyo chini ya NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Kenya, mbali na kamati ya maadili, kuna leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia. Anza mapema, maana majibu huchukua muda.

3. Ondoa utambulisho. Jina, namba ya hospitali na tarehe ya kuzaliwa vimo ndani ya faili la DICOM (muundo wa kawaida wa kuhifadhi picha za hospitali), na wakati mwingine jina limechapwa juu ya picha yenyewe. Kumbuka pia kwamba picha za vipande vyembamba zinaweza kuunganishwa zikatoa sura ya mtu, kwa hiyo usizitume nje ya hospitali hivihivi. Orodha inayounganisha msimbo na mgonjwa aitunze mtu asiyesoma picha.

4. Andikeni kanuni za usomaji. Hapa ndipo utafiti unapofaulu au kuharibika, kwa hiyo msiharakishe. Kubalianeni dirisha, yaani masafa ya kijivu yanayoonyeshwa kwenye skrini: upana 40 na kitovu 40 husaidia kuona tofauti ndogo za kijivu ambazo upana wa 80 huzificha. Kubalianeni kwamba dalili ihesabiwe pale tu inapoonekana kwenye vipande viwili vinavyofuatana au zaidi. Kovu la kiharusi cha zamani je, linahesabiwa? Amueni sasa, kwa maandishi. Amueni pia msomaji ataambiwa nini kuhusu mgonjwa. Anayejua kwamba mkono wa kulia umelegea ataitazama kwa makini nusu ya kushoto ya ubongo, na hilo hubadilisha alama. Ama wote waambiwe, ama asiambiwe yeyote.

Fanyeni mazoezi kwa picha ambazo hazimo kwenye utafiti, mjadiliane, mrekebishe kanuni. Baada ya hapo zifungeni.

5. Someni kila mtu peke yake, bila kuona ripoti ya awali wala majibu ya mwenzako. Baada ya wiki kadhaa, soma tena picha zilezile zikiwa zimechanganywa upya, ili ujue unakubaliana na nafsi yako kiasi gani.

6. Hesabu, lakini si asilimia peke yake. Tuseme mmeangalia insula, mojawapo ya zile sehemu 10, kwenye picha 100. Wote wawili mmesema "kawaida" kwa 90, wote "imeathirika" kwa 2, na mmetofautiana kwa 8, yaani kila mmoja ameona tatizo kwenye 4 ambazo mwenzake hakuliona. Makubaliano ni 92%, yanapendeza. Ila kwa kubahatisha tu mngefikia karibu 89% (0.94 × 0.94 + 0.06 × 0.06 = 0.887), kwa sababu picha nyingi ni za kawaida. Kapa ya Cohen huondoa bahati hiyo: (0.92 − 0.887) ÷ (1 − 0.887), takriban 0.29. Makubaliano hayo ni hafifu. Kwa alama nzima ya 0 hadi 10 tumia kapa yenye uzani, kwani kutofautiana 9 na 8 si sawa na kutofautiana 9 na 3. Andika zote mbili, asilimia na kapa, pamoja na masafa ya uhakika ya 95%, yaani mipaka ambamo thamani halisi inatarajiwa kuwamo.

7. Unapoandika, fuata GRRAS, mwongozo wa mwaka 2011 wa kuripoti tafiti za makubaliano. Picha mlizotofautiana kaeni mzipitie pamoja na bingwa wenu, mkieleza sehemu gani ya ubongo iliwatenganisha. Msibadilishe alama za mwanzo. Maelezo hayo yaingie kwenye matokeo kama sehemu yake.