Somo: Korona, chanjo na mgonjwa wa saratani, kabla wageni wa Krismasi hawajapanda Moshi

Wakubwa shikamooni, wadogo habari zenu. Somo hili nililiahidi mwezi uliopita, likachelewa kwa sababu ya kahawa shambani na uvivu kidogo. Mimi si daktari. Ni binti aliyemuuguza mama yake mwenye saratani ya mitoki, ile wanayoiita limfoma, nikakaa naye kliniki ya saratani ya hospitali ya KCMC, hapa Moshi, hadi walinzi wa getini wakawa wananiuliza hali yake kabla sijawasalimia. Ninayoandika ni yale niliyofundishwa na wauguzi, na machache niliyojifunza kwa kukosea.

Najua mtasema korona ilishapita. Ni kweli Shirika la Afya Duniani lilitangaza tarehe 5 Mei 2023 kwamba si dharura ya dunia tena. Halikusema kirusi kimehama. Kwa mwenye kinga kamili siku hizi kinaweza kuja kama mafua ya siku tatu nne, akaendelea na kazi. Anayepigwa dripu za kemo, yaani dawa kali za kuua seli za saratani, hana uhakika huo.

Hatua ya 1: Jua mgonjwa wako yuko kundi gani

Wagonjwa wa saratani hawalingani. Walio hatarini zaidi ni wenye saratani za damu: lukemia, limfoma, mayeloma. Sababu yake ni kwamba ugonjwa umekaa kwenye seli zilezile ambazo kazi yake ni kupigana na vijidudu. Ni kama mwizi ameajiriwa ulinzi. Wengine ni walio katikati ya kemo, wenye saratani ya mapafu, na waliopandikizwa uboho. Aliyemaliza matibabu miaka mitano nyuma, au anayemeza vidonge vya homoni tu baada ya saratani ya titi, kwa kawaida hayuko kapu moja na hao. Muulize daktari wake swali moja tu: "Kinga yake kwa sasa ikoje?" Jibu liandike nyuma ya kadi ya kliniki, maana barabarani utalisahau.

Hatua ya 2: Chanjo ifuate kalenda ya dripu

Hapa naomba msome taratibu, kwa sababu hapa ndipo mimi niliharibu.

Chanjo za korona Tanzania zilianza rasmi tarehe 28 Julai 2021, Rais Samia akachanjwa mbele ya kamera. Majibu ya mama yalitoka Septemba mwaka huohuo. Kati ya majibu na dripu ya kwanza tulikuwa na wiki tatu nzima. Wiki tatu! Tulizimaliza kusikiliza majirani: huyu anasema subirini tuone wenzetu kwanza, yule anasema itaamsha ugonjwa. Mama alikuja kuchanjwa akiwa ameshapigwa dripu mbili. Muuguzi hakutulaumu. Alisema tu, "Mmepanda mbegu wakati mvua imekatika."

Maana yake ni hii: chanjo yenyewe haikingi. Inaufundisha mwili, na mwili unahitaji takriban wiki mbili kujifunza. Ukiwa umeshaua wanafunzi, yaani seli za kinga, kwa kemo, darasa linakuwa tupu. Kwa hiyo wakati mzuri ni wiki mbili au zaidi kabla ya dripu ya kwanza, kama daktari anaona matibabu yanaweza kusubiri. Yasipoweza kusubiri, hayaahirishwi ili kungoja chanjo. Kama dripu zimeshaanza, bado achanjwe, siku atakayoichagua daktari katikati ya mizunguko. Kinga pungufu ni bora kuliko kukosa kabisa.

Anayepewa rituksimabu, dawa ya limfoma, ana shida ya ziada: dawa hiyo huondoa seli zinazotengeneza kinga, na mwili unaweza kukaa miezi 6 au zaidi kabla haujaitikia chanjo vizuri. Waliopandikizwa uboho huanza chanjo upya kama watoto, kwa kawaida kuanzia miezi mitatu baada ya kupandikizwa.

Kabla ya kupanda gari kutoka Rombo au Same, piga simu kituoni uulize kama chanjo ipo siku hiyo. Nauli na nguvu za mgonjwa si vitu vya kuchezea.

Hatua ya 3: Wachanjeni wanaomzunguka

Kama mwili wa mgonjwa unajifunza kwa shida, ukuta wake ni ninyi: mume, mtoto anayempikia mtori, dada wa kazi, kijana wa bodaboda anayempeleka kliniki. Chanjo haizuii kila maambukizi, ila inapunguza.

Hatua ya 4: Desemba

Tusidanganyane. Kuanzia katikati ya Desemba, Kilimanjaro inajaa. Basi linatoka Dar usiku, madirisha yamefungwa, watu sitini wanapumuliana, na anayeshuka anakwenda moja kwa moja kumkumbatia bibi. Halafu inakuja mbege. Kata moja, inazunguka kutoka kwa babu hadi kwa shemeji, kila mtu anafuta ukingo kwa kidole gumba, anakunywa, anapitisha. Kile kidole hakijamlinda mtu yeyote.

Kwetu tulifanya hivi: mama alikaa barazani, upepo unapita, wageni walimsalimia wakiwa uani. Alikuwa na kikombe chake cha bati chenye mkwaruzo mwekundu, na hakuna aliyekigusa. Mwenye mafua alisalimia kwa simu, hata kama ametoka Mwanza. Mjomba mmoja alinuna hadi mwaka mpya. Tulimwacha anune.

Misibani na kanisani, mgonjwa avae barakoa na akae karibu na mlango. Aliye kwenye wiki ya pili baada ya dripu abaki nyumbani kabisa, kwani ndipo seli nyeupe huwa chini zaidi.

Hatua ya 5: Kipima joto kabla ya panadoli

Jioni moja mama aliniambia anasikia baridi. Nikampa panadoli mbili, akatoka jasho, ndipo nikapima: 37.2. Nikalala kwa amani. Saa kumi alfajiri alikuwa anatetemeka hadi kitanda kinalia. Panadoli haikutibu kitu, ilificha tu.

Pima kwanza. Kwa aliye kwenye kemo, joto la 38 au zaidi ni safari ya hospitali saa hiyohiyo, iwe usiku, iwe mvua. Akitetemeka, nenda hata kama kipimo kinasoma chini. Inaweza kuwa korona, inaweza kuwa bakteria kwenye damu, na kwa macho hutajua. Getini useme mapema: "Yuko kwenye kemo, ana homa," asije akakaa foleni ya wenye kikohozi.

Maswali ya wanachama

*Mama Neema, Marangu:* Dada, mimi nilichanjwa ile ya mara moja mwaka 2021. Sasa nimegundulika na mayeloma. Si nilishamaliza?

Pole sana mama yangu. Hapana. Ile ya Janssen ilihesabika dozi moja kwa wakati ule, lakini kinga hupungua na kirusi kimebadilika. Shirika la Afya Duniani linawaweka wenye kinga dhaifu kwenye kundi la kwanza la kupewa dozi za kuongeza, miezi 6 au 12 baada ya ile ya mwisho. Kaulize kabla dripu hazijaanza. Usirudie kosa langu.

*Wa Njiro, Arusha:* Nimefanyiwa upasuaji titi la kushoto. Nichanjwe mkono gani?

Wa kulia, na umwambie mchanjaji kabla hajafungua sindano. Jambo jingine: chanjo inaweza kuvimbisha mitoki ya kwapani upande uliochomwa, na hukaa wiki kadhaa. Ukienda kupiga picha ya titi, taja tarehe ya chanjo, usije ukatiwa hofu ya bure.

*Kaka wa Pasua:* Kuna jirani anasema chanjo ni kirusi kizima, kitamla mzee.

Chanjo za korona hazina kirusi hai kinachoweza kuzaliana. Ila jirani hajakosea kila kitu, kaka: zipo chanjo zenye kirusi hai kilichodhoofishwa, kama ya homa ya manjano na ya surua. Hizo mzee asipewe akiwa kwenye kemo. Ukienda kituoni, taja jina la chanjo unayoifuata.

*Binti wa Kibosho:* Baba amepimwa ana korona na dripu yake ni kesho. Nikisema si watamrudisha? Na duka la dawa wamenishauri deksa, ile deksamethasoni ya kutuliza uvimbe.

Sema, mdogo wangu, na upige simu leo hii. Huenda wakasogeza tarehe. Kupigwa kemo juu ya korona ni hatari kuliko kusubiri. Zipo dawa za vidonge kama Paxlovid, ambazo hutakiwa kuanza ndani ya siku 5 tangu dalili zianze na hugombana na dawa nyingi, ndiyo maana daktari lazima aone orodha yote ya anavyomeza, pamoja na mizizi kama anatumia. Deksa usimpe kwa ushauri wa dukani. Utafiti mkubwa wa Uingereza mwaka 2020 ulionyesha inawasaidia waliohitaji oksijeni. Wasioihitaji haikuwasaidia, tena deksa hushusha kinga, na ya baba imeshashuka tayari. Na kujifukiza acheni, nimeshaona mzee ameungua mapaja kwa sufuria iliyopinduka.

*Binti wa Kibosho:* Nimepiga. Wamesema aje Jumatatu ijayo, na kama joto likifika 38 tusisubiri hiyo Jumatatu.

Sawa kabisa. Kipima joto mnacho?

*Binti wa Kibosho:* Cha jirani.

Nunueni cha kwenu leo.