Kabla ya Kuandika Ufupisho wa Kazi ya Fasihi

Mwanafunzi anapoambiwa afupishe riwaya au tamthiliya, mara nyingi hukimbilia kalamu, ilhali ufupisho mbaya huwa umekwisha haribika katika kusoma, kabla hata sentensi ya kwanza haijaandikwa. Nimesahihisha madaftari hapa Tanga kwa miaka mingi, na ninayoyaeleza ni yale ambayo ningependa mwanafunzi awe ameyamaliza kabla ya kuligusa karatasi la majibu.

Ajue kwanza ameombwa nini. Kufupisha kifungu cha habari katika mtihani ni kazi moja, na kufupisha kitabu kizima ni kazi nyingine. Katika kifungu, asipopewa idadi ya maneno, kanuni iliyozoeleka darasani ni theluthi moja, kwa hiyo maneno 300 yatabaki 100 hivi. Katika riwaya kanuni hiyo haina kazi, kwani theluthi ya riwaya ni riwaya ndogo. Ajue pia mwandiko wake huingiza maneno mangapi katika mstari mmoja. Anayeandika maneno 8 kwa mstari anajua kwamba maneno 100 humalizika katika mstari wa 13, naye haoni sababu ya kupoteza dakika za mtihani akihesabu kwa ncha ya kalamu.

Kusoma ndiko kunakotaka subira. Kitabu kisomwe mara ya kwanza bila kuandika chochote, kwa sababu msomaji asiyejua mwisho hawezi kujua tukio lipi la mwanzo lilikuwa na uzito. Katika usomaji wa pili, kila sura iandikiwe sentensi moja tu kwenye kipande cha karatasi, si pembezoni mwa ukurasa, maana vitabu vyetu vingi ni vya shule na vinangojewa na wenzake. Sura ambayo sentensi yake haipatikani irudiwe. Hiyo ndiyo hajaielewa, hata kama anaweza kusimulia kila kilichotokea ndani yake.

Nichukue mfano wa Kusadikika ya Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani hapa Tanga, iliyotoka mwaka 1951. Karama anashitakiwa na Majivuno mbele ya mfalme kwa kuanzisha mafunzo ya uanasheria, na katika utetezi wake anasimulia safari za wajumbe sita waliotumwa nje ya nchi, wakarudi na mambo ya manufaa, wakaambulia adhabu. Safari hizo zinachukua sehemu kubwa ya kitabu, basi wanafunzi wengi huzifupisha moja baada ya nyingine kwa uaminifu mkubwa, na mshitakiwa wanamsahau kizimbani. Ukubwa wa sehemu umewadanganya. Hadithi iliyobeba nyingine zote ni ya kesi, na kila safari imeletwa pale kama ushahidi wa jambo moja: nchi hiyo huwaadhibu wanaoitakia mema. Aliyeliona hilo anaweza kuzieleza safari zote sita kwa sentensi mbili, kisha akabaki na nafasi ya kutosha kwa mashitaka, utetezi na uamuzi wa mfalme. Kwa hiyo kabla ya kuandika ajiulize nani anataka nini, nani anamzuia, na hadithi iliyo ndani ya hadithi imewekwa hapo kwa kazi gani.

Ushairi una matayarisho yake. Shairi halifupishwi likiwa bado shairi. Lifumuliwe kwanza kuwa nathari, maneno yaliyokatwa kwa inkisari yarudishiwe silabi zake, na mpangilio uliopinduliwa kwa ajili ya vina unyooshwe. Kibwagizo kinachorudi katika kila ubeti kihesabiwe mara moja tu.

Liko jambo la sarufi ambalo sijaliona likitiliwa mkazo wa kutosha, nalo ni kiambishi -ka-. Mwanafunzi akishaanza kuandika "akaondoka, akafika, akamkuta", ameingia katika kusimulia, na mkono hautasimama tena mpaka daftari liishe. Nimewahi kupokea "ufupisho" wa kurasa saba za namna hiyo, mtamu kweli kuusoma, lakini haukuwa ufupisho. Aamue mapema wakati atakaoutumia, uliopo au uliopita, na ajiwekee viunganishi vinavyoonyesha sababu, kama vile "kwa kuwa", "kwa sababu" na "kwa hiyo", ili matukio yafungwe na chanzo chake badala ya kufuatana tu kama abiria wa daladala. Mazungumzo yageuzwe kuwa usemi wa taarifa: mhusika aliyesema "Nitarudi kesho" aandikwe kwamba aliahidi kurudi siku iliyofuata. Palipoorodheshwa maembe, mafenesi na machungwa, neno "matunda" linatosha.

Maoni yake ayaweke kando, kwa kuwa sentensi kama "mwandishi amefanikiwa kuonyesha dhamira" ni ya uhakiki, na mahali pake ni katika swali jingine. Ama kuhusu miongozo inayouzwa pamoja na vitabu, mimi simkatazi mtu kuitazama, ila aitazame baada ya kumaliza karatasi zake za sura, vinginevyo atakuwa anafupisha ufupisho wa mtu mwingine, kama mpishi anayekamua chicha iliyokwisha toa tui zito.

Karatasi hizo zikishakamilika, azifunike na amweleze kwa mdomo, kwa muda wa dakika mbili, mtu ambaye hajakisoma kitabu, awe ndugu yake nyumbani au jirani barazani. Msikilizaji akiuliza "Huyo sasa ni nani?", pana mhusika aliyeingizwa bila kutambulishwa; akiuliza "Kwa nini?", pana sababu iliyoachwa. Maswali hayo yaandikwe chini ya karatasi ya mwisho, kisha kalamu ishikwe.