Kutafutia mama mwenye kusahau-sahau nyumba ya wazee, apa Bukavu

Benye banasema ni uchawi, bacha, ni ugonjwa ya ubongo. Usiende kutembelea ile nyumba asubui wakati kila kitu iko safi, enda saa kumi na mbili ya jioni, juu ndio saa wazee benye ugonjwa hii banaanzaka kuangaika, banataka kurudia kwabo, uone kama banababembeleza ao banabafungia tu na funguo. Uliza nani analalaka pale usiku. Angalia ngazi pia, na hii milima yetu, mvua ikinyesha inateleza we!

Na uliza nani pale anasemaka Mashi, luga ya Bashi ba huku kwetu. Mama yangu Kifaransa ilipotea ya kwanza, kisha Swahili, siku moja alilia mpaka usiku, masere (watawa banamuke) hawaelewe, kumbe anaomba maji, mupishi ndio alimusikia.