Ukomo wa hedhi na afya ya akili: jinsi ya kuitumia simu ikusaidie kweli

Wanawake wengi ninaowashauri hufika wakiwa na rundo la programu kwenye simu, walizozifungua siku chache wakaziacha. Walipakua kabla ya kujua wanataka kutibu nini. Fuata mpangilio huu.

Hatua ya 1: Jua ulipo

Ukomo wa hedhi huhesabiwa miezi 12 mfululizo ikipita bila hedhi, kwa kawaida kati ya umri wa miaka 45 na 55. Lakini misukosuko ya hisia huanza mapema, hedhi inapopoteza mpangilio. Homoni ya estrojeni hupanda na kushuka ovyo, na usingizi na hisia huyumba nayo. Kama umewahi kuugua sonona, hasa baada ya kujifungua, uwe macho zaidi.

Hatua ya 2: Andika kwa wiki mbili

Usipakue chochote bado. Kila jioni andika kwenye simu mstari mmoja: ulilala saa ngapi, uliamka mara ngapi, joto la ghafla lilikujia mara ngapi, na hisia zako zilikuwaje kuanzia 0 (mbaya kabisa) hadi 10 (njema kabisa). Kisha zitazame siku mbaya: zilitanguliwa na nini? Mara nyingi utakuta ni usiku mbovu.

Jaza pia dodoso la PHQ-9, linalopima dalili za sonona na kupatikana bure mtandaoni. Lina maswali 9, na jumla yake ni 0 hadi 27. Ukipata 10 au zaidi, nenda kwa mtaalamu huku ukiendelea na hatua zinazofuata. Swali la mwisho linahusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Ukilijibu lolote zaidi ya "hapana kabisa", ongea na mtu wa afya leo hii. Kama unahisi uko hatarini, mwite mtu wako wa karibu na muende hospitali. Hapo hakuna programu inayotosha.

Hatua ya 3: Chagua tatizo moja

Mimi huanza na usingizi. Tafuta programu inayofuata tiba ya utambuzi na tabia, yaani tiba ya kubadili mawazo na mazoea bila dawa, kwa ajili ya kukosa usingizi. Sauti za mvua na muziki laini hazitoshi. Itakutaka uamke saa ileile kila siku, upunguze kwanza saa za kukaa kitandani, na utoke kitandani usingizi ukigoma kwa takriban dakika 20. Siku za mwanzo utachoka zaidi kuliko ulivyokuwa. Usikate tamaa. Ila mwenye kifafa au ugonjwa wa hisia mseto (hisia kupanda na kushuka kupita kiasi) asipunguze saa za kulala bila kusimamiwa na daktari.

Kama kinachokusumbua ni joto la ghafla, tiba hiyohiyo inasaidia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012, ulioongozwa na timu ya Profesa Myra Hunter wa King's College London, ulionyesha kuwa wanawake waliojisomea wenyewe kijitabu cha tiba hii walipata nafuu sawa na waliohudhuria vikundi vya tiba hiyo. Joto lilikuja bado, ila halikuwasumbua tena kama awali. Jizoeze kupumua polepole kwa tumbo, na joto linapokuja, wazo la "wote wananitazama" ulijibu kwa "litapita baada ya dakika chache".

Hatua ya 4: Linda siri zako

Mwaka 2021 tume ya serikali ya Marekani inayolinda walaji ilifikia makubaliano na kampuni ya programu maarufu ya hedhi, iliyodaiwa kuwapa wengine taarifa za watumiaji ilhali iliahidi usiri. Kwa hiyo soma sera ya faragha, zima ruhusa ya mahali ulipo, na usitumie jina kamili pasipo lazima.

Hatua ya 5: Pima tena

Baada ya wiki sita jaza PHQ-9 upya. Alama zisiposhuka, mpelekee daktari rekodi zako. Muombe akupime tezi ya shingo na wingi wa damu, maana kasoro zake hufanana na dalili hizi, kisha muulize kama tiba ya homoni au dawa za sonona zinakufaa.