Kukokotoa gharama za matibabu zinazoelemea kaya: usizidishe kila kitu kwa 12

Juzi nimekesha na mdogo wangu mmoja wa shahada ya uzamili. Hesabu zake zilidai karibu nusu ya kaya zimeelemewa na gharama za matibabu. Kosa hilo nami niliwahi kulifanya, likanila siku tatu.

Hatua ya 1. Jisajili kwenye maktaba ya data ya Benki ya Dunia, pakua NPS (utafiti wa kaya wa Tanzania unaozirudia kaya zilezile) ya NBS, Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Ni bure. Tumia R, programu ya takwimu. Ukinitajia Excel kwa kazi hii tutagombana.

Hatua ya 2. Tafuta malipo ya mfukoni ya kila kaya kwa mwaka, yaani pesa ambazo kaya yenyewe imelipia matibabu. Kisanga kiko hapa. Dodoso linauliza matibabu ya kawaida na dawa kwa wiki 4 zilizopita, lakini kulazwa linauliza kwa miezi 12. Sisi tulijumlisha kwanza, ndipo tukazidisha kwa 12. Sasa chukua kaya inayotumia shilingi 6,000,000 kwa mwaka, mama alilazwa wakalipa 180,000. Hiyo ni 3%. Ukiizidisha inakuwa 2,160,000, yaani 36%, na kaya ya watu imefilisika kwenye kompyuta yako tu!

Kwa hiyo zidisha kwanza: ya wiki 4 kwa 13 (mwaka una wiki 52, si 48), ya kulazwa iache ilivyo. Ndipo ujumlishe. Kulala kwa mganga wa kienyeji kuna swali lake, nalo ni la miezi 12, lisikupite. Seli tupu usiijaze sifuri kabla hujasoma dodoso lenyewe ukaona nani alirukishwa swali. Na sifuri ya kweli nayo ina sura mbili: kuna ambaye hakuugua, na kuna aliyeugua akabaki nyumbani kwa kukosa hela. Huyo wa pili kipimo hiki hakimuoni kabisa. Mimi humhesabu kwenye jedwali la pembeni, kwa kuwatafuta walioumwa ila hawakwenda popote.

Hatua ya 3. Gawa kwa matumizi yote ya kaya. Nimezoea mipaka ya 10% na 25%: kaya ikivuka mpaka, inahesabiwa imeelemewa. Wengine wanataka 40% ya kinachobaki baada ya mahitaji ya msingi. Muulize msimamizi wako kabla hujaandika sura nzima.

Hatua ya 4. Weka uzito wa sampuli (kila kaya inawakilisha kaya ngapi), strata na klasta (makundi na maeneo yaliyotumika kuchagua kaya) kwenye svydesign, amri ya kifurushi cha survey cha R. Ukiripoti watu badala ya kaya, zidisha uzito kwa idadi ya wanakaya.